Kiharusi kilipochukua maneno ya mume wangu, tulikosea mara mbili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ninalolibeba moyoni tangu mwaka 2022. Linawahusu wagonjwa wa kiharusi waliopoteza usemi, na linatuhusu sisi tunaowauguza nyumbani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Boma Ng'ombe, wilaya ya Hai. Mume wangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko kando ya barabara ya kwenda Sanya Juu kwa miaka 31 sasa, na watu wengi wa hapa ukiwauliza nani aliwashonea sare ya darasa la kwanza, watamtaja yeye.

Asubuhi moja ya mwezi Machi mwaka huo alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, mkono wa kulia ukaachia. Akajaribu kuniita, ikatoka sauti isiyo na neno. Tulimfikisha hospitali siku hiyo hiyo. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, upande ambao kwa watu wengi ndio unaobeba lugha. Mguu ulianza kurudi baada ya wiki chache, mkono ukafuata polepole. Maneno hayakurudi.

Siku ya tatu wodini alikuja mtu na faili, akamuuliza maswali ya kupima akili. Leo ni siku gani? Hapa ni wapi? Rais wetu ni nani? Mume wangu alijibu yote kwa neno moja: "Marahaba." Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Nilimwona akimtazama usoni yule anayeandika, kisha akageukia ukutani na kujifunika shuka. Mtu aliyechanganyikiwa haoni aibu namna ile.

Neno "marahaba" lilibaki kwa sababu halikuwa linatafutwa. Mtoto akisema "Shikamoo, babu", linatoka lenyewe, safi kabisa, hata wageni wakadhani ameanza kuongea. Wakimuuliza "Unaendeleaje?" anatikisa kichwa na machozi yanamlengalenga. Kisha akaja dada yake mkubwa, ambaye tangu utoto mume wangu ndiye humwamkia shikamoo. Alipoingia tu mlangoni, mume wangu akamwambia, "Marahaba." Wifi yangu alitoka nje akilia. Hakujua kama amedharauliwa au mdogo wake amerukwa na akili, na nadhani hadi jioni alikuwa ameshaamua kwamba ni hilo la pili.

Hapo ndipo lilipoanza kosa la kwanza, kwamba akili zimeondoka. Kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwangu, mwenyewe akiwa chumba cha pili, mlango wazi, wakakizungumzia kihamba chake, yaani shamba lake la ukoo, kama cha marehemu. Mmoja alisema cherehani iuzwe kabla haijaingia kutu. Mwingine alikuwa tayari na karatasi ya kutiwa dole gumba. Wateja nao walianza kuzungumza nami juu ya kichwa chake: "Mama, Fundi anakunywa uji?" Yeye amekaa pale pale, anasikia.

Niliikataa ile karatasi, na nilikuwa na sababu. Wiki iliyotangulia kijana aliyekuwa akimsaidia kibandani alileta suruali aliyoimalizia ili ichukuliwe na mwenyewe. Mume wangu aliishika, akaikunjua mapajani, akapitisha kidole gumba cha kushoto kwenye pindo, akatikisa kichwa. Mguu mmoja ulikuwa umepinda kidogo sana, mimi sikuuona mpaka nilipoupeleka dirishani. Akaanza kuufumua kwa mkono mmoja, uzi baada ya uzi. Hayo si matendo ya mtu aliyeondokewa na akili.

Binti yetu alinitafutia habari za ugonjwa huu, nikajua unaitwa afasia, na kwamba karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi wanapitia hali hii. Nilisoma pia habari za mwaka 1861 katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Palikuwa na mgonjwa aliyeitwa Leborgne, fundi wa kutengeneza kalibu za viatu, ambaye kila akiulizwa jambo alijibu "tan, tan". Daktari Paul Broca alimuuliza amekaa pale miaka mingapi. Upande wa kulia wa Leborgne ulikuwa umepooza, akafungua kiganja cha kushoto mara nne, halafu akainua kidole kimoja. Tano mara nne na moja: miaka 21, na ndivyo ilivyokuwa. Nililia niliposoma hapo. Nilijiambia kwamba wa kwangu naye yumo ndani, mzima, mlango tu ndio umekwama.

Na hilo, Mhariri, likawa kosa la pili, kosa langu mimi.

Kwa kuwa niliamini akili yote ni nzima, nilidhani kilichobaki ni kufundisha maneno. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yangu yote ya kazi, nikaona hii ni kazi yangu. Nilikata kadi 60 za maboksi, picha upande mmoja, neno upande mwingine. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulikaa sebuleni saa moja na nusu. Redio inaongea, wajukuu wanapita, jirani anaingia kuazima kisu. Nikionyesha mkasi, akipata "mkasi", nampigia makofi. Nikionyesha uzi, anasema "mkasi". Sindano, "mkasi". Yeye mwenyewe anajua si hivyo, anakunja uso, anajaribu tena, linatoka "mkasi". Kesho yake hata mkasi wenyewe haupo. Siku moja alizisukuma kadi zote zikaanguka chini, nami nikamwambia neno ambalo nimemwomba radhi mara nyingi: "Wewe hutaki tu."

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha kupitia rafiki wa binti yetu tukampata mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, dada mdogo tu kwa umri, aliyesomea Makerere, Uganda, ambako shahada ya fani hiyo ilianza mwaka 2008. Alikuwa likizoni Moshi akaja kwetu mara tatu. Hakufungua kadi zangu. Alimwamkia mume wangu, akakaa mbele yake, akazima redio, akaomba kopo la vifungo lililokuwa juu ya cherehani.

Alimwaga vifungo mezani. Akachukua vyeupe vitatu akaviweka kushoto, vyeusi vitatu kulia, halafu akampisha. Mume wangu alielewa bila kuambiwa, akavigawa vyote kwa rangi, haraka, wala hakukosea. Nikafurahi. Yule dada akavichanganya tena, na sasa akaweka vya matundu mawili kushoto, vya matundu manne kulia, akampisha. Mume wangu akaangalia kwa muda, akachukua kifungo cheusi, akakiweka kulia. Cheupe, kushoto. Akaendelea kugawa kwa rangi. Akaonyeshwa tena, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye rangi. Huyu ni mtu aliyeshona vifungo vya matundu mawili na manne kwa zaidi ya miaka 30. Aliyajua matundu, ila hakuweza kuiachia kanuni ya kwanza aishike ya pili.

Yule dada akanigeukia akaniuliza kwa upole, "Mama, na akisema mkasi, hukwama hivi hivi?"

Nilikaa kimya. Kwa miezi minane nilikuwa nalikemea neno, kumbe hata mkono ulikuwa unakwama vilevile kama neno lilivyokwama.

Akatufanyia na jaribio la pili, ambalo halikuwa na karatasi wala picha. Alimwomba mume wangu ampime kiuno. Mkono wa kulia ulikuwa umepata nguvu kiasi, akavuta futi, akaizungusha, akasoma. Akaandika kwa kidole hewani: 34. Sawasawa. Kisha akageuka kwenda mezani kuandika kwa chaki, hatua mbili, tatu. Alipofika mezani chaki ikasimama hewani. Namba haipo. Akarudi akapima upya, akasoma 34, akageuka, ikapotea tena. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu nilikuwa nimekazana na ulimi.

Alinieleza kwa maneno ambayo ningependa kila mwenye mgonjwa ayasikie. Kujifunza neno upya ni kujifunza, kama mtoto anavyojifunza herufi. Mtu anahitaji kuelekeza mawazo mahali pamoja bila kuvutwa na kelele. Anahitaji kushika jambo kichwani kwa sekunde chache mpaka alitumie. Anahitaji kujisikiliza, agundue kwamba amekosea, ajizuie, abadilishe. Kiharusi kinaweza kuvipiga vyote hivyo pamoja na lugha, au kikapiga lugha na kuviacha, na huwezi kujua kwa kumtazama tu, na hasa huwezi kujua kwa kumuuliza maswali yanayohitaji majibu ya mdomo. Pale kanisani kwetu yupo mzee ambaye usemi wake umeharibika kuliko wa mume wangu, lakini kwenye drafti anawashinda vijana wote. Ubongo wake umeumia kwa namna nyingine, na mazoezi yake lazima yawe mengine.

Haya si mawazo ya dada mmoja. Mwaka 2010 huko Uingereza, Matthew Lambon Ralph na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wenye afasia waliofanyiwa tiba ya kutafuta majina ya vitu. Walitaka kujua nini kinatabiri nani atafaidika zaidi. Hali ya lugha kabla ya tiba ilitabiri, na hali ya uwezo wa kufikiri, kama umakini na kumbukumbu, nayo ilitabiri.

Yule dada alinionya jambo moja, na nalirudia hapa ili nisimpotoshe mtu. Kupanga vifungo peke yake hakurudishi maneno. Maneno yanarudishwa kwa kufanya mazoezi ya maneno. Vifungo vilitusaidia kujua hali ya shamba, tupande vipi na kwa kina gani.

Basi tukabadilisha. Kadi 60 zikawa tano: mkasi, futi, chaki, uzi, kastabini. Muda ukahama kutoka mchana kwenda saa mbili asubuhi, akiwa ameshakunywa dawa ya presha na chai, kabla uchovu haujamwingia. Dakika 20, tunapumzika, dakika 20 nyingine. Redio imezimwa, mlango umefungwa, na ni mimi na yeye tu. Nilijifunza kufupisha maneno yangu. Zamani nilimwambia, "Baba, hebu niletee ule mkasi mdogo ulio kwenye droo ya chini," akifika kwenye droo anasimama, nami nasema haelewi lugha. Sasa nasema, "Droo ya chini." Akiifungua, "Mkasi mdogo." Analeta.

Halafu kuna habari ya watoto wetu wanne. Mume wangu angeweza kuhesabu moja hadi 20 bila kukwama, kama vile anavyosali Baba Yetu yote na kuimba nyimbo za kanisani ubeti kwa ubeti. Lakini ukimuuliza, "Una watoto wangapi?" hakuweza kulitoa neno "wanne". Yule dada alisema atumie hesabu kama ngazi: aanze moja, apande, asimame kwenye nne. Rahisi kusema. Anaanza "moja, mbili, tatu, nne, tano, sita," anapita, anajua amepita, anafunga macho kwa hasira, na mdomo bado unaendelea, "saba, nane". Kupanda hakukumpa shida. Kilichomshinda ni kusimama, na kusimama si kazi ya lugha, ni ya ile sehemu ya akili inayoshika breki.

Tukaanza kuizoeza breki. Kwa kila namba aligonga meza kwa kidole, nami niliweka vifungo vinne mbele yake, kila pigo kifungo kimoja. Vikiisha, kiganja kinalala mezani. Wiki ya kwanza alipita kila siku. Wiki ya tatu alisimama kwenye tano, akacheka, akarudi nyuma. Baada ya muda tukaondoa vifungo, kikabaki kidole. Kisha kidole kikawa kinagonga pajani, chini ya meza, mimi sioni. Ilikuwa kama mwezi mmoja na nusu tangu tuanze, alikuja mgeni wa kununua parachichi, akauliza tu kwa mazungumzo, "Mzee, Mungu amekujalia watoto wangapi?" Nikafungua mdomo nijibu kwa niaba yake, nilivyozoea. Akaniinulia mkono ninyamaze. Tukasubiri. Mgeni alikuwa mstaarabu, naye akasubiri. Akasema, "Wanne." Bila ngazi.

Kile kiganja cha kulala mezani alikihamishia kwenye maneno. Sasa "mkasi" ukija usipotakiwa, analaza kiganja, anatazama kitu chenyewe, anapumua, ndipo anajaribu. Si mara zote linatoka lililo sahihi, lakini anakwama mara chache zaidi, na akikwama anajua namna ya kutoka. Kushona suruali nilimchorea hatua sita kwenye kipande cha boksi: kupima, kukata, kuunga, zipu, kiuno, pindo. Mara ya kwanza alipozipanga aliweka pindo kabla ya kukata. Leo anazipanga huku akizitaja, nne kwa sauti na mbili kwa ishara. Namba ya kiuno anaiandika kwa chaki kwenye mkono wake mwenyewe palepale anapoisoma, kabla hajageuka. Hiyo njia aliibuni mwenyewe. Sikumfundisha mimi wala yule dada.

Nasikia watu wakisema baada ya miezi sita hakuna kinachorudi tena, na wengine tuliambiwa hivyo na watu wa afya. Huko Ujerumani mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watu 156 wenye afasia ambao miezi sita ilikuwa imeshawapita. Walipewa tiba ya kina ya lugha, angalau saa 10 kwa wiki kwa wiki tatu, wakaendelea vizuri katika mawasiliano ya kila siku. Sisi tulianza upya baada ya ile miezi minane ya kadi.

Nimalize na ombi. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 wilaya yetu ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam zilifanyiwa hesabu ya wagonjwa wa kiharusi. Baada ya kusawazisha umri, Hai walionekana wagonjwa wapya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316. Kiharusi si ugonjwa wa wachache kwetu. Wataalamu wa usemi ndio wachache mno, na sitarajii kila hospitali ya wilaya impate mmoja kesho. Lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo yupo, muuguzi wa kliniki ya presha yupo. Wafundishwe kumpima mgonjwa asiyesema kwa njia isiyopita mdomoni: kulinganisha maumbo, kupanga vitu kwa kanuni moja kisha nyingine, kufuata maagizo kwa ishara. Watazame kama anaona na kusikia vizuri, na kama ana sonona, maana huzuni nayo inaiba umakini. Kabla hawajaandika "amechanganyikiwa" waandike walimpimaje. Na siku ya kuruhusiwa, familia ipewe hata ukurasa mmoja unaosema jinsi ya kuzungumza naye na saa ngapi ya kufanya mazoezi. Mimi ningepata ukurasa huo, mume wangu asingesikia yale maneno yangu ya "hutaki tu".

Kwa ndugu wa ukoo, nao wanasoma gazeti hili: karatasi ya kihamba isomwe mbele yake, taratibu, kifungu kimoja kimoja, redio ikiwa imezimwa, na apewe muda wa kulaza kiganja.

Alhamisi ijayo tuna kliniki ya presha. Atakayetupokea akitaka kujua hali ya akili ya mume wangu, nitakuwa na kopo la vifungo kwenye kikapu.

Mwalimu mstaafu,
Boma Ng'ombe, Hai